Je, Wajua? Kemikali Inayowaka Pale Tu Inapompata Mshukiwa

Je, wajua kuwa chembe nyekundu ya damu yako haina DNA? Inapokomaa hutupa kiini chake, ikabaki mfuko wa kubebea oksijeni. Kimelea cha malaria kinachojificha ndani yake kina DNA yake mwenyewe. Basi tia kwenye damu hiyo kemikali inayong'aa ikigusa DNA, kisha uimulike kwa mwanga wa buluu: chembe nyekundu zilizo salama zitabaki gizani, na vimelea vitawaka kijani. Chembe nyeupe nazo zitang'aa, kwa kuwa zina kiini, lakini ukubwa wake huzitambulisha.

Kemikali za namna hii huitwa vitambuzi vya mng'ao. Hupokea mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine wenye nguvu ndogo zaidi. Mwanasayansi George Stokes alieleza jambo hilo mwaka 1852, na miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni kwinini, dawa ya malaria, ambayo hutoa mng'ao wa buluu ikipigwa na miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho.

Lakini kung'aa peke yake hakutoshi. Kitambuzi kizuri hukaa kimya mpaka kikutane na kile kinachotafutwa. SYBR Green, kwa mfano, ikielea peke yake majini haitoi mwanga wa maana. Ikijibana kwenye DNA huwaka. Tangu 2004 watafiti wameitumia kupima kama dawa ya malaria bado ina makali: vimelea hukuzwa ndani ya damu pamoja na dawa, na mng'ao ukiongezeka ni ishara kuwa vinazaana bila kujali. Maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kisumu ni miongoni mwa zilizotumia njia hii.

Kitambuzi kingine, rodamini 123, huvutwa na chaji ya umeme iliyomo kwenye mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya seli. Kimelea kilicho hai hukikusanya. Kikifa, chaji hupotea na mng'ao hufifia. Hivyo mtafiti hupata habari ya uhai wenyewe, mbali na umbo.

Kuingia ndani ya seli hai bila kuidhuru kulikuwa kikwazo kikubwa. Utando wa seli ni wa mafuta, nao huzuia molekuli zenye chaji. Roger Tsien, mkemia Mmarekani, alipata ufumbuzi mwaka 1981: alizifunika chaji hizo kwa vipande vya esta. Kitambuzi hupenya kikiwa kimefunikwa, vimeng'enya vya seli huvikata vipande hivyo, nacho hunaswa ndani. Mwaka 1989 yeye na wenzake walitoa fluo-3, ambayo mwanga wake huongezeka mara 40 hivi inaposhika kalsiamu. Kwa vitambuzi hivyo wanasayansi wameona kalsiamu ikipanda na kushuka katika seli za moyo zinazodunda. Tsien alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008, kwa kazi yake juu ya protini ya kijani itokayo kwa kiwavuwavu wa baharini.

Kwa watu wa Garsen, katika kaunti ya Tana River nchini Kenya, haya yana uzito wa pekee. Mto Tana ukifurika, maji hutuama delta nzima mpaka Kipini, na mbu huzaana mashambani mwa Wapokomo na malishoni mwa Waorma na Wardei. Homa inayofuata huanza kwa maumivu ya kichwa, viungo na mgongo, iwe ni malaria au homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi unaoshika mifugo na watu. Kwa macho huwezi kuzitenganisha.

Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilileta mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, ukaanzia Garissa na kufika Tana River. Hadi Machi 2007, watu 684 walikuwa wameripotiwa kuugua nchini Kenya, na 155 kati yao walifariki. Watafiti wa KEMRI na CDC ya Marekani walitumia kipimo cha PCR, kinachonakili DNA mara nyingi, katika maabara ya uwanjani. Ndani ya kipimo hicho mna uzi mfupi wa DNA wenye rangi inayong'aa upande mmoja na kizima-mwanga upande wa pili, mithili ya kandili iliyofunikwa kwa chungu. Jeni ya kirusi hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha hunakiliwa. Kimeng'enya kinachonakili kikiufikia uzi huo, huukata. Rangi hutengana na kizimaji, na mwanga hutoka. Kadiri kirusi kilivyo kingi, ndivyo mwanga unavyotokea mapema, na daktari hujua mgonjwa yupi yuko hatarini zaidi.

Vitambuzi hivi vina mipaka. Mwanga mkali huchosha rangi na huweza kuijeruhi seli, na kipimo hakiwezi kusema lolote kuhusu damu isiyofika maabara. Kwa hiyo, mkaazi wa Tana River, mafuriko yakija na ng'ombe au mbuzi wakaanza kuharibu mimba kwa wingi, toa taarifa kwa afisa wa mifugo, usichinje mnyama mgonjwa, chemsha maziwa, na ukipata homa nenda kituo cha afya ukapimwe mapema.