Somo la Afya: Chakula, Mazoezi na Uzito wa Mwili

Leo tutajifunza mambo mawili: chakula kina kazi gani katika uzito wa mwili, na mazoezi yana kazi gani.

Tuseme wako ndugu wawili hapa Songea. Mkubwa analima mahindi karibu na milima ya Matogoro. Kila siku hushika jembe, na shambani huenda kwa miguu. Mdogo ana duka mtaa wa Majengo. Huketi kutwa, na jioni hurudi kwa pikipiki. Wote wawili hula ugali mwingi, kama walivyolelewa. Mkubwa ni mwembamba. Mdogo amenenepa, na akipanda kilima hutweta.

Siku moja mdogo alisema, “Kaka, nitakimbia kila asubuhi, tumbo liishe.” Akakimbia mwezi mzima. Lakini kila aliporudi alikunywa soda na kula maandazi mawili. Uzito haukupungua. Je, alikosea wapi?

Sikilizeni. Chakula ni kama kuni, na mwili ni kama jiko. Chakula kisichotumika mwili hukiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta. Soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo vijiko vidogo 7 au 8. Ili kuimaliza nguvu hiyo, yampasa mtu mzima atembee upesi karibu nusu saa. Kuinywa ni dakika mbili tu!

Tena mwaka 2012 wataalamu, akiwamo Herman Pontzer wa Marekani, walitoa habari za Wahadzabe, wawindaji wanaokaa karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hutembea sana. Hata hivyo, walipolinganishwa na watu wa Marekani na Ulaya wenye miili ya ukubwa uleule, nguvu walizotumia kwa siku hazikuzidi. Pontzer anaona kwamba mwili ukifanya kazi nyingi, hubana matumizi mahali pengine. Basi anayetaka kupunguza uzito na aanze na sahani yake.

Je, mazoezi ni kazi bure? Hata kidogo! Mazoezi hutia nguvu moyo, mapafu na misuli. Husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari ya damu. Aliyekwisha kupungua humsaidia asinenepe tena. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za kutembea upesi au kazi kama hiyo. Kulima ni mazoezi. Kucheza lizombe pia ni mazoezi.

Yule mdogo akapunguza ugali, akaongeza mboga za majani na maharage, akaacha soda. Dukani akaenda kwa miguu. Uzito ukashuka polepole, na kilima akakipanda bila kutweta.

Lakini mkubwa naye asijisifu. Wembamba peke yake si afya. Ugali mtupu haumtoshi mkulima; ahitaji maharage, dagaa wa Ziwa Nyasa na matunda.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Kwa nini mdogo hakupungua alipokimbia?
2. Mazoezi yana faida gani hata kama uzito haupungui?
3. Nyumbani kwenu mtapunguza chakula gani, na mtaongeza kipi?

Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.