Mafaili yaliyo mtandaoni: kwa nini nakala ya akiba hutoka pungufu

Tarehe 26 Septemba mwaka 2025 moto ulizuka katika kituo cha taifa cha kuhifadhia taarifa za serikali mjini Daejeon, Korea Kusini. Miongoni mwa vilivyoteketea ni mfumo uitwao G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wakiweka hati zao za kazi. Kumbukumbu za terabaiti 858 zilipotea, kwa kuwa mfumo huo haukuwa na nakala mahali pengine.

Msikilizaji, wengi wetu tumeziweka hati zetu katika hali inayofanana na hiyo. Vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa skani, kurasa za pasipoti, mikataba ya kazi, hati za kiwanja kilichoko nyumbani na picha za harusi, vyote vimo katika hifadhi ya mtandaoni, ile ambayo wataalamu huiita wingu. Wapo wenye hadhari zaidi, ambao kila wiki huunganisha diski ya nje na kompyuta na kuchukua nakala ya akiba. Hata hao hupigwa na butwaa siku kompyuta inapoharibika na wao kufungua diski ile: mafaili ni machache kuliko walivyotarajia.

Je, mafaili hayo huenda wapi?

Jina lipo, faili halipo

Wingu ni kompyuta za kampuni fulani, zilizo mbali, zinazotunza mafaili yako na kukuletea kwa njia ya intaneti. Hapo awali, ilikuwa kawaida kwa huduma hizo kuweka nakala kamili ya kila faili ndani ya kompyuta ya mtumiaji pia. Kisha ukaja utaratibu wa kuokoa nafasi ya diski. Apple iliuleta mwaka 2016 katika mfumo wake wa Sierra, na Microsoft mwaka 2017 katika huduma yake ya OneDrive.

Chini ya utaratibu huo, jina la faili hubaki kwenye kompyuta, ilhali yaliyomo yapo mtandaoni hadi utakapolifungua. Mfano wake ni kadi ya maktaba: inakuonyesha jina la kitabu na rafu kilipo, lakini kurasa zake hazimo ndani ya kadi.

Programu za kuchukua nakala ya akiba, kama vile File History ya Windows na Time Machine ya Apple, hunakili kile kilichomo kwenye diski. Faili lililobaki mtandaoni tu hurukwa. Mara nyingi kazi humalizika bila onyo lolote, na mwenye kompyuta akadhani mambo yamekamilika.

Namna ya kutambua

Kwa mtumiaji wa OneDrive katika Windows, tazama alama iliyo kando ya jina la faili. Wingu la buluu maana yake faili lipo mtandaoni tu. Alama ya vema ya kijani maana yake limeshashushwa. Ukitaka uhakika zaidi, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sehemu ya "Properties", na ulinganishe ukubwa wa faili na nafasi linayochukua kwenye diski. Iwapo nafasi hiyo ni sifuri, faili hilo halimo katika kompyuta yako. Katika kompyuta za Apple, alama ya wingu dogo kando ya jina hutoa habari hiyo hiyo.

Tiba ni kuyashusha mafaili kabla ya kuchukua nakala. Katika OneDrive, bofya folda kwa kitufe cha kulia na uchague maneno "Always keep on this device". Katika kompyuta ya Apple, ingia kwenye mipangilio ya iCloud na uzime kipengele cha "Optimize Mac Storage". Lakini hakikisha kwanza kwamba diski ina nafasi ya kutosha kubeba mafaili yote, na kwamba kifurushi chako cha intaneti kinaweza kuhimili mzigo huo.

Lipo pia tatizo la upande wa pili. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na zile za iCloud na OneDrive zina gigabaiti 5 kila moja. Akaunti ikijaa, mafaili mapya hayapandi tena mtandaoni. Hubaki kwenye kompyuta peke yake, na mwenyewe anaamini yako salama mawinguni.

Kusawazisha na kuweka akiba

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Kusawazisha ni kuhakikisha kwamba kilichopo kwenye simu, kompyuta na mtandaoni ni kimoja. Kwa hiyo ukifuta faili kwenye simu, linafutika kotekote. Programu haribifu ikiyafunga mafaili ya kompyuta ili wahalifu wadai fidia, mafaili yaliyoharibiwa nayo hupanda mtandaoni. Google Drive, iCloud na akaunti binafsi za OneDrive hutunza vilivyofutwa kwa siku 30 tu. Anayegundua hasara yake baada ya miezi miwili huwa amechelewa.

Akiba ya kweli ni nakala ambayo haiguswi unapofuta faili la asili.

Kuna pia suala la mawasiliano yenyewe. Tarehe 12 Mei mwaka 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mtu aliye safarini Dar es Salaam na hati zake zote ziko mtandaoni tu hana cha kumwonyesha afisa aliye mbele yake.

Nakala tatu

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni inayofuatwa na wengi: uwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe mahali pengine. Faida yake ilionekana mwezi Mei mwaka 2024, pale akaunti ya mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, ilipofutwa kimakosa katika mfumo wa Google Cloud. Mfuko huo ulikuwa umeweka nakala nyingine kwa kampuni tofauti, na huduma zake zikarejea.

Kwa mtu wa kawaida, nakala hizo zaweza kuwa kompyuta, diski ya nje inayotunzwa kabatini, na wingu. Baada ya kunakili, zima intaneti, unganisha diski hiyo na kompyuta nyingine, kisha ufungue mafaili matano au sita: cheti kimoja, picha ya zamani, hati ya mwezi huu. Yakifunguka, hiyo ni akiba. Yasipofunguka, rudi kwenye alama ya wingu na uanze upya, maadamu kompyuta yako bado ni nzima.