Unataka Kuanza Upya? Jina Mpya Pekee Haitakuokoa

Biz ikianza kudorora, wasee wengi hukimbilia kitu moja: jina mpya. Wiki hii ni Classic Kinyozi, wiki ijayo ni Royal Executive Barbershop, bango imepakwa nyeusi na gold, page ya Insta imefutwa posti zote. Alafu unaingia hapo ndani unapata ni ile mashine ileile ya kung'oa nywele, na bado unangoja lisaa lizima juu kinyozi ameenda kuweka mkeka.

Manze, hiyo ni kupaka rangi nyumba yenye inavuja.

Cheki hii. Kama mzazi wako ako na laini ya 0733, muulize imeitwa majina ngapi. Mwaka wa 2000 ilikuwa Kencell. 2004 ikageuka Celtel. 2008 ikawa Zain. 2010 Bharti ya India ikanunua, ikawa Airtel. Majina nne ndani ya miaka kumi, na mabadiliko yalikuwa yanatoka kwa wenye kampuni, si kwa kastoma. Huku nyuma Safaricom ilikuwa imetulia na jina yake moja, 2007 ikaleta M-Pesa. Watu hawakufuata jina. Walifuata njia rahisi ya kutumia mathe doh ocha.

Sasa angalia Equity. Ilianza 1984 kama Equity Building Society, na kufikia 1993 ilikuwa imesota kabisa, madeni imeshinda mali. Hawakukimbilia kubadilisha jina. Walibadilisha wenye wanawahudumia: mama mboga, mkulima wa majani chai, watu wenye benki kubwa zilikuwa zinawaona kama usumbufu. 2004 wakawa benki kamili, 2006 wakaingia soko la hisa la Nairobi. Jina Equity bado iko hapo.

Kwa hivyo kabla hujalipa msee wa logo, tafuta kastoma watano wenye waliacha kuja na uwaulize kwa nini. Usiulize mabeshte, hao watakuambia uko sawa. Wa kwanza atasema bei, juu ni rahisi kusema bei. Endelea kuuliza tu. Utaskia kumbe ni venye hujibu simu, ama yule kijana wako wa delivery ana mdomo. Hiyo ndio ya kurekebisha kwanza, hata kama itachukua miezi mbili na hakuna mtu atakulike nayo.

Na usitupe jina yenye watu wanajua kama haina makosa. Size 8 alipohamia gospel 2013 hakujificha na jina geni. Aliongeza tu Reborn, Size 8 Reborn, na kila mtu akajua ni nani na amebadilika nini. Ukibadilisha kila kitu siku moja bila kuambia watu, kastoma wa zamani anadhani ulifunga na anahamia kwa jirani.

Kwa mtu binafsi ni vilevile. Mimi niliacha college, na kuna mamathe wa plot wananitambulisha hivyo mpaka leo, "yule alitoka shule." Hakuna bio ya Insta inaweza futa hiyo. Kitu imeanza kuifuta polepole ni wao kuona jina yangu juu ya stori wanasoma kwa simu.

Kuna wale hubadilisha jina ya biz ndio wahepe deni. Pole, hiyo haifanyi. Kama umesajili jina tu la biashara, kwa sheria wewe na hiyo biz ni kitu moja, deni ni yako. CRB nayo inakufuata na namba ya kitambulisho, haijali bango inasema nini.

Kama bado unaona jina lazima ibadilike, tafuta kwa eCitizen kama imechukuliwa. Lakini kusajili jina hapo haimaanishi umeimiliki. Alama ya biashara inasajiliwa KIPI, inakulinda miaka kumi, alafu unaweza kuirenew. Wasee wengi hugundua hii wakati mtu mwingine ashachapisha fulana na jina yao.

Ya mwisho ni till. Kastoma akitaka kulipa aone jina tofauti na ile ya bango, atadhani ni wakora, na atarudisha simu mfukoni. Badilisha jina ya till kabla bango ipande. Alafu shika simu ya beshte, jilipe mbao, na usome ni jina gani inatokea.