Benchi la Bibi wa Mbare

Ushauri tunaopewa kila siku kuhusu afya ya akili humwachia mtu kazi yote peke yake: lala mapema, fanya mazoezi, weka simu pembeni. Ni ushauri mzuri, ila anayekesha akiwaza kodi ya chumba anajua fika kwamba usingizi una faida. Kinachomkosesha usingizi hakijaguswa. Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, mtaalamu wa magonjwa ya akili huko Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali, dola 15. Chibanda amesimulia hadharani kwamba kifo hicho kilimfanya aache kuwangoja wagonjwa hospitalini. Mwaka uliofuata, katika kitongoji cha Mbare, Harare, hakupata chumba wala wauguzi. Alipata bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mitaani, na uwanja wa zahanati. Wakaweka benchi.

Kinachofanyika pale ndicho kinachostahili kutazamwa kwa utulivu. Bibi huuliza maswali 14 ya ndiyo au hapana, mathalani kama mtu huwaza kupita kiasi au hulala vibaya. Kisha humwacha amwage yote: madeni, mume asiyerudi, virusi vya Ukimwi. Yakishamwagika humtaka achague tatizo moja la kuanzia, na kuchagua ni kwake, bibi hamchagulii. Halafu wawili hao hutafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo: kwenda kwa mwenye nyumba kuomba muda, kwa mfano, kwani kumaliza deni lote ni ndoto. Mwisho hupanga siku ya kurudi kueleza imekuwaje. Chibanda anasisitiza kwamba nguvu ya bibi hawa ni kusikiliza kwa huruma hadi mtu ajione ameheshimiwa. Mimi naongeza siku ile ya kurudi, maana mtu anayengojwa na mwenzake ana sababu ya kujaribu.

Kuna watakaosema sisi tuna baraza na vijiwe, hatuhitaji benchi la kigeni. Lakini barazani mwenye shida hupewa majibu kumi kabla hajamaliza kueleza, na kesho habari zake ziko mtaa wa pili. Wengine watasema maneno hayalipi kodi. Kweli hayalipi, na sonona nayo humnyima mtu nguvu ya kuitafuta hiyo kodi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na bibi, na kwa karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida. Mwenye hali mbaya zaidi hupelekwa kwa wataalamu. Benchi halijidai kuwa hospitali.

Hata hivyo wengi mno katika utafiti huo walikuwa wanawake. Wanaume wa Mbare humwagia nani yao? Na bibi anayebeba huzuni za mtaa mzima, zake huzipeleka wapi? Mpango huu umekwishafika Malawi na Zanzibar, na zahanati zetu nyingine zina wahudumu wa jamii, zina miti yenye kivuli. Waganga wafawidhi, wekeni benchi.