PRESHA YA MJINI

Mwaka jana mjomba alianguka bafuni kwetu Kayole. Majirani wakasema ati amerogwa. Kumbe ni kiharusi, kilicholetwa na presha iliyomkalia kimya bila hata kuumwa na kichwa.

Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda, na mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maisha. Kule mtu hutembea na kula mboga za shambani. Huku Eastlands ni matatu, chipsi za jioni, na kodi inayomkosesha mtu usingizi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Hebu tazama muuza chipsi anavyonyunyiza!

Uchunguzi wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Mjomba alikuwa mmoja wao. Sasa kikombe anakishika kwa mkono wa kushoto. Juzi mama alikubali kupimwa, nami nikamsindikiza.