Juu ya Kulinganisha Thamani ya Chuchunge Katika Nchi Mbalimbali

Atakaye kulinganisha thamani ya samaki waitwao kwa Kiingereza "garfish" katika nchi mbili hana budi kuanza na swali la mwanalugha: ni samaki yupi aitwaye hivyo? Ulaya jina hilo ni la Belone belone, ambaye mataya yake yote mawili yamerefuka na kuchongoka. Australia na New Zealand ni la jamaa ya Hyporhamphus, ambaye taya la chini tu ndilo lililorefuka. Na huyo ndiye aliye karibu na chuchunge wa pwani ya Waswahili.

Mchanganyiko huu umeingia hata katika daftari. Herufi GAR, katika orodha ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni alama ya Belone belone. Katika mfumo wa New Zealand wa kugawa viwango vya uvuvi, herufi zizo hizo ni za Hyporhamphus ihi. Mwenye kuziweka hesabu hizo bega kwa bega huwa kama alinganishaye bei ya mbuzi na ya paa, kwa kuwa wote wana pembe.

Ama thamani, hiyo si uzito. Takwimu za Shirika hilo huhesabu tani za samaki mzima, lakini tani hizo hazinunuliwi kwa nia moja. Japani, Hyporhamphus sajori hukatwa vipande akaliwa mbichi, naye ni samaki wa heshima. Florida, samaki wa jamaa ya Hemiramphus huvuliwa hasa wawe chambo cha sulisuli. Bei yake basi hutegemea mikoba ya wavuvi wa starehe, wala si njaa ya mtu. Denmark, Belone belone hufika kwa makundi majira ya kuchipua, na mifupa yake ni ya kijani kwa rangi iitwayo biliverdini. Haina dhara lolote, lakini mnunuzi asiyemzoea humwogopa, na woga huo nao una bei.

Tena bei ya mnadani ufukweni si bei ya sokoni mjini, na fedha za nchi mbili hazina budi kugeuzwa kwa kiwango cha mwaka ule ule.

Shida huzidi katika Mediterania ya mashariki. Hemiramphus far, aliyepenya kwa Mfereji wa Suez na kuonekana huko mwaka 1927, huogelea sasa katika maji ya Belone belone. Huko hata daftari la nchi moja laweza kuwachanganya.