Ziwa Lisilo na Maji

Wasikilizaji wetu, tusikiapo neno ziwa, mara fikira zetu huenda kwenye maji, mitumbwi na samaki. Lakini katika nchi ya Australia liko ziwa ambalo, miaka mingi, mtu aweza kusimama ukingoni mwake asione hata tone la maji, ila chumvi nyeupe mpaka upeo wa macho. Wenyeji wake, kabila la Arabana, huliita Kati Thanda. Mwingereza Edward John Eyre alilifikia mwaka 1840, na baadaye likapewa jina lake. Tangu mwaka 2012 majina hayo mawili hutajwa pamoja.

Ukubwa wake ni kadiri ya maili za mraba 3,700, nalo liko mahali palipo chini kuliko pote katika Australia, yapata futi 50 chini ya usawa wa bahari. Hapo ndipo ilipo siri yake. Maji ya sehemu moja katika sita ya nchi ile yote huelekea bondeni humo, wala hakuna mto utokao. Mvua kubwa ikinyesha mbali, upande wa kaskazini na mashariki, maji husafiri mamia ya maili jangwani, na mengi hupotea njiani. Yale yafikayo hukaa mpaka jua liyakaushe. Jua huchukua maji, lakini chumvi haliwezi kuichukua. Watu wa pwani yetu, wapatao chumvi kwa kuyaacha maji ya bahari yakauke juani, watafahamu upesi: kazi yao ya siku chache, ziwa hili limeifanya maelfu ya miaka. Pana mahali ambapo unene wa chumvi wapita futi moja. Juu yake, mwaka 1964, Donald Campbell aliendesha motakaa kwa mwendo wa maili 403 kwa saa.

Ziwa hujaa kabisa mara chache sana, kama mwaka 1974. Maji yajapo, samaki huja nayo, na ndege waitwao mwari hukusanyika kwa maelfu ili kuzaa. Maji yapunguapo, chumvi huzidi, samaki hufa, nao mwari huenda zao, pengine wakiwaacha makinda wasiojua kuruka.

Je, atakaye kulizuru afanyeje? Kwanza, achague majira. Miezi ya Desemba na Januari ni ya joto kali huko. Yafaa kwenda kati ya Mei na Septemba. Pili, achukue maji mengi, chakula na petroli ya akiba, akawaarifu watu siku atakayorudi. Tatu, asipeleke gari juu ya chumvi, maana pembeni ukoko ni mwembamba na chini yake ni tope. Tena kwa Waarabana ziwa ni mahali patakatifu, nao huwaomba wageni wasilikanyage. Mgeni mwema hufuata desturi ya mwenyeji.

Neno la nne ni kubwa kuliko yote: gari likikwama, usiliache. Mwaka 1998 wasafiri wawili kutoka Ulaya walikwama mchangani karibu na ziwa hili. Mmoja alishika njia kwa miguu kutafuta msaada, akafa jangwani. Mwenzake alirudi penye gari, akaokoka. Sababu yake si bahati tu. Gari hutoa kivuli, na aliye angani huliona upesi kuliko amwonavyo mtu mmoja katika nyika. Lakini mtu atembeaye juani hutoka jasho, na kila hatua humpunguzia maji mwilini, hata akili yake ikachafuka asijue njia.

Shauri hili si la Australia peke yake. Lawafaa pia wapitao jangwa la Chalbi katika Kenya, au kandokando ya ziwa Natron katika Tanzania. Basi, ndugu zetu, penye ukame, subira ni maji ya pili.